Alama za Sayansi za Shahada ya Kwanza na Mlango wa Vyuo vya Afya: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Dodoma

Katika vitivo vya sayansi vya vyuo vya Dodoma wapo wanafunzi waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kidato cha tano na cha sita wakiwa na nia ya udaktari au ufamasia, wakapungukiwa pointi, kisha wakadahiliwa kusoma kemia, baiolojia au ualimu wa sayansi. Nia ile wengi wao hawajaiacha. Kutoka madarasa ya Chuo Kikuu cha Dodoma hadi Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 jirani na chuo hicho, ni mwendo mfupi, na wenzao wanaosomea udaktari wamepanga nao vyumba Ng'ong'ona na hupanda nao daladala zilezile. Swali lao ni kama alama wanazopata sasa zitawarudisha kwenye fani ya afya, au kama matokeo ya kidato cha sita yalishamaliza jambo hilo.

Alama hizo zina nguvu kubwa, lakini si kwenye kila mlango, na mwanafunzi anayetaka kuzitumia vizuri hana budi kujua kwanza mlango anaoulenga husoma karatasi ipi. Upo mlango unaosoma cheti cha Baraza la Mitihani na kuiweka kando transkripti, yaani orodha rasmi ya alama zako za chuo; upo unaotazama wastani wa shahada nzima kwa tarakimu moja; na upo unaoichambua transkripti kozi kwa kozi, ukitenga sayansi na masomo mengine. Inaumiza kumwona kijana mwenye bidii akijiandaa miaka mitatu kwa mlango mmoja huku akiamini anajiandaa kwa mwingine, na kwa sababu hiyo nimeanza na milango kabla ya kufika kwenye hesabu.

Shahada za afya hapa nchini

Tanzania humpokea mwanafunzi wa udaktari moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Shahada ya Udaktari wa Binadamu huchukua miaka mitano, ikifuatwa na mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, na karatasi kuu ya udahili ni matokeo ya kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Katika pointi za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sifa ya chini ya kuomba udaktari ni ufaulu katika masomo yote matatu wenye jumla ya pointi zisizopungua 6, na chuo kinaweza kudai zaidi ya hapo katika somo fulani, hasa Kemia na Baiolojia.

Pointi 6 zinakupa haki ya kuomba tu. Nafasi za udaktari ni chache, na zinagombewa na wahitimu wenye A na B kutoka Msalato, Dodoma Sekondari na shule za nchi nzima, kwa hiyo chuo hupanga waombaji kuanzia wa juu hadi nafasi zinapojaa. Anayesoma masharti ya chini na kudhani kwamba ndiyo alama za kuingilia hukata tamaa bure pale jina lake linapokosekana, ilhali hakuna aliyemdhulumu.

Je, shahada ya kwanza ya kemia au baiolojia inabadilisha nini hapo? Inakuhamisha kutoka kundi la waombaji wa kidato cha sita kwenda kundi la wenye sifa linganishi, na kundi hilo lina masharti yake. TCU hutoa miongozo miwili ya udahili: mmoja wa wenye vyeti vya sekondari, mwingine wa wenye stashahada na sifa linganishi. Fungua huo wa pili, tafuta chuo na kozi unayoitaka, kisha usome sentensi ya masharti mpaka mwisho. Kama imetaja shahada ya sayansi, angalia inataka daraja gani na masomo gani, kwa kuwa hapo ndipo alama zako za sasa zinapoanza kusomwa. Kama imetaja stashahada peke yake, shahada yako, hata iwe ya daraja la kwanza, haina pa kuhesabiwa katika kozi hiyo. Masharti haya hutofautiana kati ya chuo na chuo na hurekebishwa, kwa hiyo tumia mwongozo wa mwaka unaoomba na usitegemee picha ya ukurasa iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ukibaki na shaka, iandikie ofisi ya udahili ya chuo husika na uhifadhi jibu lake la maandishi.

Kwa aliyekuta shahada yake haisomwi, zipo njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kufanya upya mtihani wa kidato cha sita, ambao hufanyika mwezi Mei, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alama zako za chuo hazitaonekana kwenye cheti hicho, lakini maarifa yaliyozileta yatakusaidia: aliyefaulu kemia ya kaboni, jenetiki na biokemia ya chuo kwa kuelewa hukuta maswali ya Kemia na Baiolojia ya kidato cha sita yamelainika, ingawa Fizikia atalazimika kuifufua. Njia ya pili ni Stashahada ya Utabibu ya miaka mitatu, ambayo huingiwa kwa matokeo ya kidato cha nne yenye ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwenye stashahada hiyo huweza kuomba udaktari akiwa na wastani wa B au GPA (wastani wa alama za chuo kwa tarakimu) isiyopungua 3.0, na zaidi ya hapo hutakiwa awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hisabati ndiyo watu wanayoisahau. Kabla hujalipa ada ya mwaka wa kwanza wa utabibu, toa cheti chako cha kidato cha nne uhakikishe Hisabati haina F, kwa sababu kugundua baada ya miaka mitatu kwamba somo la zamani limekuzuia ni jambo chungu. Kwa maoni yangu, mhitimu wa shahada ya sayansi ambaye alipungukiwa pointi moja au mbili tu afanye upya kidato cha sita. Utabibu umfae yule anayetaka pia kuanza kazi ya tiba mapema, na anayeikubali kazi hiyo kwa ajili yake yenyewe.

Namna ya kuisoma transkripti yako

Tuje sasa kwenye hesabu, maana wanafunzi wengi wanaijua GPA yao lakini hawajui imetengenezwa na nini. Katika vyuo vyetu vingi A hubeba 5, B+ hubeba 4, B hubeba 3, C hubeba 2 na D hubeba 1, na kila kozi ina uzito wake wa krediti. Unazidisha thamani ya alama kwa krediti za kozi, unajumlisha, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti zote. GPA ya 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni ufaulu wa kawaida.

Chukua mfano wa mwanafunzi mwenye muhula huu: Kemia krediti 10 amepata B, Baiolojia ya Seli krediti 10 amepata B+, Fizikia krediti 8 amepata C, Stadi za Mawasiliano krediti 6 amepata A, na Masomo ya Maendeleo krediti 6 amepata A. Kemia inampa 30, Baiolojia 40, Fizikia 16, na yale mawili ya mwisho 30 kila moja. Jumla ni 146, ukigawanya kwa krediti 40 unapata 3.65. Kijana huyu atajiona yuko daraja la pili la juu. Lakini mtu wa udahili wa chuo cha afya akitenga sayansi peke yake, atakuta 86 ikigawanywa kwa krediti 28, yaani 3.07, na hilo ni daraja la pili la chini. Transkripti ni ileile, na simlaumu anayeisoma hivyo, kwa sababu miaka ya mwanzo ya udaktari hujaa anatomia, fiziolojia na biokemia, na alama nzuri ya mawasiliano haimwambii kama mwanafunzi atayahimili masomo hayo.

Kwa hiyo kila mwisho wa muhula fanya hesabu hizi mbili kwenye daftari moja: wastani wa kozi zote, na wastani wa kemia, baiolojia, fizikia na hisabati peke yake. Tofauti kati ya tarakimu hizo ndiyo inayokuonyesha pa kuweka nguvu muhula unaofuata. Ikiwa wastani wa sayansi ndio ulio juu, uko mahali pazuri kuliko GPA yako inavyosema. Ukiwa chini, usijifariji na GPA kubwa.

Hesabu ya miaka nayo inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa inaeleza kwa nini mwaka wa kwanza una thamani kubwa. Tuseme kozi zako za sayansi zina krediti sawa kila mwaka katika miaka mitatu ya shahada. Ukipata wastani wa 2.5 mwaka wa kwanza, kisha 4.0 katika miaka miwili inayofuata, utamaliza na 3.5 na umeingia daraja la pili la juu. Ukipata 2.5 miaka miwili ya kwanza, hata uchukue A katika kila kozi ya mwaka wa tatu bila kukosa hata moja, utamaliza na 3.33. Mwanafunzi anayesema atajirekebisha mwaka wa mwisho hajaifanya hesabu hii. Wakati wa kurekebisha ni mwaka wa pili, ukiwa bado una krediti za kutosha mbele yako.

Kuhusu sapu, jambo la kujua ni kwamba katika vyuo vyetu vingi anayefaulu mtihani wa marudio huandikiwa C hata kama amejibu kwa alama 80. Sapu moja ya Fizikia mwaka wa kwanza haiui ndoto ya mtu, lakini sapu tatu za kemia, hata zikifaulu zote, hubaki kwenye transkripti kama C tatu katika somo ambalo chuo cha afya hulitazama kwanza. Ikiwa umeugua au umefiwa wakati wa mitihani, ni bora kuomba rasmi kuahirisha mtihani, ukiwa na cheti cha daktari au barua, kuliko kuingia chumbani ukiwa hujiwezi. Mtihani ulioahirishwa kwa ruhusa hufanywa kama mtihani wa kwanza, kwa hiyo alama yako haibanwi kwenye C. Ni wanafunzi wachache mno wanaoitumia haki hii.

Shahada za uzamili katika afya

Hapa ndipo shahada yako ya sayansi inaposomwa bila ubishi. Uzamili katika afya ya jamii, epidemiolojia, mikrobaiolojia, biokemia ya tiba na fani zinazofanana nazo huangalia GPA ya shahada ya kwanza, na kiwango cha kawaida cha chini nchini ni 2.7. Mhitimu wa baiolojia mwenye daraja la pili la chini anaweza kuomba, na mwenye 3.5 ataomba kwa kujiamini zaidi, hasa akiwa na alama za B+ katika mikrobaiolojia na takwimu. Ijulikane tu kwamba uzamili wa afya ya jamii haukufanyi daktari na haukupi leseni ya kutibu; unakupeleka kwenye utafiti, mipango, ufuatiliaji wa magonjwa na maabara. Ni kazi za heshima, zenye uhitaji katika halmashauri zetu, na kwa baadhi ya vijana ninaowafahamu ndizo zilizowafaa zaidi kuliko wodi.

Kwa anayesoma udaktari tayari, alama za sayansi hazikuishia kwenye udahili. Anayetaka ubingwa katika tiba ya watoto, upasuaji au uzazi hutazamwa wastani wake, pamoja na alama aliyoipata katika somo lenyewe analotaka kubobea. Aliyeichukulia wodi ya watoto kwa wepesi mwaka wa tatu atakutana na alama ile tena miaka mingi baadaye.

Ukiangalia nje ya nchi

Marekani ndiko mtindo wa kutenga alama za sayansi ulikokomaa. Huko udaktari husomwa kwa miaka minne baada ya shahada ya kwanza, na mfumo wa pamoja wa maombi uitwao AMCAS hukokotoa wastani wa kozi za baiolojia, kemia, fizikia na hisabati peke yake, kando ya wastani wa kozi zote, kwa kipimo cha 4.0. Kozi iliyorudiwa huhesabiwa mara zote mbili, ya kwanza na ya marudio. Vyuo vya osteopathia, tawi la pili la vyuo vya udaktari huko, ambavyo zamani viliruhusu alama mpya kufuta ya zamani, navyo viliacha utaratibu huo mwaka 2017. Waliopokelewa katika vyuo vya udaktari mwaka 2023 walikuwa na wastani wa sayansi wa karibu 3.7, pamoja na alama kama 511 katika mtihani wa kujiunga uitwao MCAT, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528.

Kwa mhitimu wa Dodoma kuna kikwazo kinachopaswa kusemwa waziwazi. AMCAS haiingizi alama za vyuo vya nje ya Marekani na Kanada katika wastani wake, na vyuo vingi vya udaktari vya huko hutaka mwombaji awe amesoma kozi za sayansi katika chuo cha Marekani au Kanada, mara nyingi angalau mwaka mzima wa masomo, na baadhi hudai krediti 90, yaani kama miaka mitatu kwa kipimo cha huko. Shahada yako ya hapa, iwe nzuri kiasi gani, kwa kawaida haitakupeleka moja kwa moja. Itakusaidia kupata nafasi ya uzamili au ya masomo ya ziada huko, na alama utakazozipata katika masomo hayo ndizo zitakazopimwa. Tena usijigeuzie GPA yako ya 5 kuwa ya 4 kwa kuzidisha na kugawanya. Mashirika ya tathmini ya vyeti, kama WES, hubadilisha alama kozi kwa kozi kwa kuzingatia kiwango cha nchi, na mara nyingi tarakimu inayopatikana haifanani na ile uliyoikokotoa mwenyewe.

Uingereza ina kozi za udaktari za miaka minne kwa wenye shahada, na vyuo vingi huko hudai daraja la pili la juu pamoja na mtihani wa kujiunga wa UCAT au GAMSAT. Nafasi za wageni ni chache na ada ni kubwa, kwa hiyo sipendekezi kuifanya hii kuwa njia yako pekee.

Popote uendapo, kumbuka kwamba utarudi. Kazi ya udaktari hapa nyumbani husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na shahada za nje hutambuliwa na TCU. Kabla ya kusafiri, pata uthibitisho wa TCU kuhusu chuo na kozi unayoiendea, na uhakikishe kwamba unakidhi pia masharti ya udahili ya hapa nchini. Wakala anayekuambia kwamba alama za kidato cha sita hazina maana katika nchi fulani anazungumzia siku ya kuondoka tu.

Kazi ya muhula huu

Katika vyuo vyetu vingi alama 40 hutoka kwenye majaribio, kazi za darasani na maabara, na alama 60 hutoka kwenye mtihani wa mwisho. Mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani wa mwisho wa kemia akiwa na 32 kati ya 40 anahitaji 38 kati ya 60 ili apate A inayoanzia 70. Aliye na 20 anahitaji 50 kati ya 60, jambo ambalo ni gumu mno. Kwa hiyo ripoti za maabara, ambazo wengi hunakili usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, ndizo sehemu ya alama iliyo rahisi kuliko zote kuipata kwa uaminifu. Hudhuria kila zoezi la maabara, andika matokeo yako mwenyewe, na umfuate mwalimu msaidizi ukiona usichokielewa wiki hiyohiyo.

Katika kozi za kuchagua, ukiwa na nia ya afya, chagua biokemia, jenetiki, mikrobaiolojia, fiziolojia na takwimu kabla ya kozi inayosifiwa kwa kutoa A kirahisi. B+ ya biokemia itakupigania popote transkripti inaposomwa kozi kwa kozi. Sisemi ujaze muhula mmoja kozi ngumu tano. Gawanya, mbili nzito na nyingine za kawaida, ili usije ukapata C katika zote.

Mwisho ni barua ya maombi na usaili, kwa vyuo vinavyovitaka. Alama mbaya iliyomo kwenye transkripti itaonekana, na ni afadhali uieleze wewe kabla hujaulizwa. Sentensi mbili zinatosha: taja kilichotokea bila kulaumu mwalimu wala chuo, kisha taja kozi ngumu zaidi ya somo hilohilo uliyoifaulu baadaye. Aliyepata C ya kemia ya jumla mwaka wa kwanza na B+ ya biokemia mwaka wa tatu ana cha kuonyesha. Ambatanisha transkripti iliyogongwa muhuri wa chuo, na uiombe mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, kwa kuwa ofisi za mitihani huelemewa wakati huo.